Nyota ya Burma ya Babu Shee

Shule ya Wasichana,
Kinoo.
Jumapili, 17 Septemba 1972

Babu mpenzi,

Shikamoo. Na Bibi pia shikamoo, kwa kuwa najua ameketi hapo karibu na cherehani akisubiri umsomee. Mimi ni mzima. Hapa Kinoo asubuhi kuna baridi hata maji ya bomba yanauma meno, lakini uji ni wa moto na masomo yanaendelea vizuri. Katika jaribio la Historia nilipata alama themanini na moja, nikawa wa pili katika Kidato cha Pili chote.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, maana mwalimu wetu wa Kiswahili hapendi barua inayozunguka. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ni tangazo nililolikata gazetini kwa ruhusa ya mkutubi. Linasema kwamba Serikali ya Uingereza itawapa nyota ya Burma, ile nishani ya vita, askari wa zamani waliopigana huko na ambao hawakuwahi kuipata. Ya pili ni fomu. Niliandika kuiomba nikaletewa kwa posta, nami nimekwisha kuijaza kwa wino: jina lako, mwaka ulipoandikishwa jeshini, kikosi chako, na nambari yako ya jeshi, ile unayoiimba ukipiga pasi. Kilichobaki ni sahihi yako tu, pale nilipotia alama kwa kalamu ya risasi. Lazima iwafikie Waingereza kabla ya tarehe 20 Oktoba.

Sijasahau Novemba iliyopita, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Mzee Dalmas Oloo alikuja kutoka Lavington kwa tajiri anayempikia, amevaa koti la buluu na nyota kifuani. Pale kwenye sanamu ya askari, msimamizi aliinua kamba akampitisha. Wewe ulibaki nyuma ya kamba pamoja nami na watu waliokuja kutazama, umemshikia Mzee Dalmas kofia yake. Umeniambia mwenyewe kwamba kule msituni mlikula sufuria moja na kulowa mvua moja. Babu, mwaka huu nataka wewe upite, na mimi nishike kofia yako.

Jingine ni dogo. Ijumaa Matroni Milcah alikagua masanduku yetu akaiona hirizi yangu. Shuleni haturuhusiwi kuvaa kitu shingoni, kwa hiyo naiweka chini ya nguo. Aliipima mkononi akasema, "Nyinyi watu wa pwani, humu mmetia msahafu mzima?" Nikamwambia aliniandikia Mwalimu Idarus nilipougua surua nikiwa mchanga, na kwamba haifunguliwi. Akairudisha polepole, akaifunika kwa soksi.

Mjukuu wako,
Khamisa Jabir


Mtaa wa Biashara,
Nairobi.
26 Septemba 1972

Mjukuu wangu Khamisa,

Marahaba. Bibi yako anasema marahaba mara tatu na anauliza kama unapaka mafuta miguuni.

Themanini na moja ni nyingi. Nilimwonyesha muuza vitambaa wa mlango wa pili, naye akauliza aliyekuwa wa kwanza alipata ngapi. Nikamwambia arudi dukani kwake.

Sisi tuko katika kazi. Ramadhani haijaingia na tayari watu wanataka kanzu za Idi. Juzi alikuja karani mmoja wa benki, anataka kanzu isiyoonyesha tumbo. Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo tu. Bibi yako anamaliza kofia ya vito, ile ya kudarizi kwa mkono, aliyoianza tangu ukiwa hapa, na jicho lake la kulia linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atamaliza.

Hirizi iweke mahali pakavu. Usimwazime mtu. Asiichezee mtu kwa mkasi wala wembe.

Karatasi zako nimeziona.

Babu yako,
Shee


Kinoo,
Jumapili, 1 Oktoba 1972

Babu mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliigeuza nyuma nikitafuta habari ya fomu. Labda uliandika ukiwa na haraka.

Nimefikiri huenda ile alama ya kalamu ya risasi haionekani vizuri. Iko chini kabisa, upande wa kulia, baada ya sentensi ya tatu. Sentensi ya kwanza inasema wewe ndiwe Shee Omar. Ya pili inasema ulitumika Burma. Ya tatu inasema, "Nathibitisha kwamba sikupata kupewa nyota hii wakati wowote." Baada ya hapo ni sahihi. Hata herufi zile ulizofunzwa jeshini zinatosha, hawataki mwandiko mzuri.

Nimemweleza mwalimu wa Historia habari zako. Alifurahi, akaniomba nisimame darasani nieleze. Nilisema vizuri mpaka Hannah, anayelala kitanda cha karibu nami, aliponiuliza, "Sasa kama alipigana, mbona hana?" Nikamjibu kwamba itakuja kabla ya Novemba.

Babu, zimebaki siku kumi na tisa.

Mjukuu wako,
Khamisa


Mtaa wa Biashara,
10 Oktoba 1972

Mjukuu wangu,

Marahaba. Leo ni siku ya pili ya funga. Nimeambiwa huko kwenu mpishi anawawekea uji wa daku ndani ya chupa ya moto. Mungu amlipe.

Dalmas alikuja jana, tajiri wake alimpa mapumziko. Aliiona fomu yako mezani, chini ya mkasi, akaisoma yote. Akasema, "Shee, hii kitu mbona iko hapa bado? Mtoto amefanya kazi yote."

Nikamwambia goti linaniuma, siwezi kusimama kwenye jua.

"Unasimama hapa kutwa unakata nguo."

Nikamwambia nyota ni mambo ya zamani.

"Wewe nyota yako ulikula? Mimi nilikuona ukifungua ile kisanduku, mwaka ya arobaini na tisa, tulikuwa tumekaa pale nje ya posta."

Bibi yako alikuwa chumba cha ndani na mlango uko wazi. Nikamwambia Dalmas apunguze sauti, kuna watu wamefunga. Akacheka mpaka akakohoa.

Khamisa, wewe umesomeshwa vizuri na umeniandikia vizuri. Sentensi ya kwanza ni kweli na ya pili ni kweli. Ya tatu siwezi kuitia mkono, na mwezi wenyewe ni huu. Usiniulize zaidi. Maneno haya ya mwisho sikumsomea Bibi yako.

Shee


Kinoo,
Jumapili, 15 Oktoba 1972

Babu mpenzi,

Shikamoo. Nimefunga siku zote saba bila kukosa.

Barua yako imenitia katika mawazo. Nimekaa nayo kwenye bustani ya shule baada ya masomo, nikajaribu kuifikiria kama hesabu. Ama ulipewa nyota ukaiuza, ama ulipewa ukaitupa kwa sababu uliwakasirikia Waingereza, ama kuna jambo jingine.

Mwalimu wa Historia alituambia kwamba si askari wote walioandikwa ndio waliofika mstari wa mbele. Wengine walibaki hapa Nairobi wakilinda maghala na kushona sare, nayo ilikuwa kazi ya lazima na ya heshima. Babu, wewe ni fundi cherehani. Kama hukufika Burma, niambie tu. Sitakuona mdogo. Nitairarua fomu na kumwambia Hannah kwamba nilikosea, wala hakuna atakayekutaja tena.

Nimeandika maneno haya nikiona haya, lakini ulinifundisha kwamba nguo ikikosewa hufumuliwa mapema.

Wako,
Khamisa


Mtaa wa Biashara,
Jumapili, 22 Oktoba 1972

Khamisa,

Barua yako ilikuja Jumatano. Niliiweka chini ya cherehani siku mbili. Bibi yako aliuliza mtoto anasema nini, nikamsomea habari za kufunga peke yake.

Nilifika Burma. Nilifika na matope yakiwa magotini, na nyumbu wanne wa mizigo wakafa mbele yangu siku moja. Sare nilizishona pia, usiku wa mvua tukisubiri, lakini sindano ilikuwa mfukoni na bunduki ilikuwa mkononi. Sijakasirika. Uliuliza kwa adabu na kosa ni langu, maana mtu akinyamaza, wengine watamjazia maneno. Basi soma haya ukiwa peke yako.

Ulikuwa na miezi kumi. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, mwezi wa Maulidi. Baba yako alikuwa kazini Mombasa na mama yako alikuleta kwetu. Surua ikakushika. Dawa ya hospitali ulipewa, lakini macho hukufungua siku tatu. Bibi yako akanambia, "Nenda kwa Mwalimu Idarus aandike hirizi, usirudi bila hiyo." Nikaenda mpaka Pumwani kwa miguu. Mlango umefungwa. Mwalimu na mkewe walikuwa wamekwenda Lamu kusoma Maulidi, hawarudi mpaka mwezi uishe.

Nilikaa barazani kwake. Sikuwa na uso wa kurudi mikono mitupu. Mfukoni mwa koti nilikuwa na ile nyota, maana siku zile nilitembea nayo. Ina pembe sita na taji la mfalme katikati. Haina jina. Waingereza hawakuandika majina yetu juu ya nyota zile, na siku nilipoipokea jambo hilo liliniudhi. Siku ile barazani halikuniudhi. Nilisema kama haina jina la mtu, basi inaweza kuwa ya Khamisa. Imetoka mahali ambapo wengi hawakutoka, na mimi nilitoka.

Nikapata kipande cha ngozi kwa fundi viatu. Niliishona pale pale kwa mshono wa kurudia, nikisoma sura ya Alhamdu kila sindano ikipita. Utepe wake niliuondoa kwanza. Nikarudi nikamwambia Bibi yako, "Mwalimu ameandika." Akakuvisha. Baada ya siku mbili ukaomba maziwa.

Tangu mwaka ule, kila Idi Bibi yako humpelekea Mwalimu Idarus sahani ya mahamri kwa kukuokoa. Mwalimu ameandikia watoto mia, hakumbuki, anapokea na kusema alhamdulillahi. Miaka kumi na minne, Khamisa. Nikisema leo nyota iko wapi, nimemwambia mke wangu kwamba nilimdanganya, na mji mzima kwamba nimemtundikia mtoto wa Kiislamu taji la mfalme shingoni. Nikitia mkono ile karatasi, nimewadanganya Waingereza pia. Uwongo mmoja unanitosha.

Fomu nairudisha humu. Tarehe imepita. Nitasimama nyuma ya kamba na kofia ya Dalmas, si nzito.

Usimwambie Bibi yako.

Shee


Kinoo,
Jumapili, 29 Oktoba 1972

(Karatasi ya kwanza, ya kusomwa kwa sauti)

Shikamoo Babu, shikamoo Bibi. Niko salama na miguu naipaka mafuta. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya siku moja. Nilitakiwa kuchagua kati ya Idi, ambayo itaangukia katikati ya juma, na Jumapili ya tarehe 12 Novemba. Nimechagua Jumapili. Bibi, tafadhali niwekee mahamri machache ya Idi.

(Karatasi ya pili, ya Babu peke yake)

Babu, nisamehe kwa barua ile ya tarehe 15. Nimelia kidogo, lakini si kwa huzuni.

Niliitoa hirizi sandukuni nikaishika juu ya ngozi. Kwa miaka yote nilidhani ni karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Sasa nilihesabu pembe kwa kidole. Ziko sita, kama ulivyosema. Hannah alinipa wembe wake wa kuchongea penseli akasema, "Fungua tuone." Nikamwambia hapana. Sikuogopa, ila mshono ule umesomewa Alhamdu, na mimi sijui kushona kama wewe.

Nitakuja nayo tarehe 12. Ukitaka kuifungua, fungua kwa mkono wako. Ni wewe uliyeifunga.

Khamisa


Mtaa wa Biashara,
Alhamisi, 2 Novemba 1972

Kwa Khamisa Jabir. Maneno ni ya Bibi yako Mwanasha. Mwandiko ni wangu mimi, Dalmas Oloo. Babu yako ameenda kuswali.

Khamisa mwanangu, barua yako ilikuja na karatasi mbili. Babu yako akanisomea moja. Mimi herufi hizi za Kizungu sikufundishwa, lakini kuhesabu karatasi naweza.

Nataka kukwambia jambo. Ile hirizi yako haikuandikwa na Mwalimu Idarus. Najua tangu siku ya kwanza. Mkewe alikuja kuniaga kabla hawajasafiri Lamu. Nilisahau, nilikuwa nimechanganyikiwa na homa yako. Babu yako alipokwisha kutoka ndipo nikakumbuka, nikasema sasa atarudi mikono mitupu, maskini. Akarudi na kitu cha ngozi. Nilipokuogesha nilikipapasa. Karatasi haina miiba sita.

Siku ya pili nilifua koti lake. Mfukoni mlikuwa na utepe mtupu, mwekundu katikati na buluu pembeni, na mistari miwili ya rangi ya chungwa. Nikaelewa. Mtu huyu ametoa kitu alichokipenda, halafu amekuja kwangu na uwongo wake. Ningemuumbua vipi? Nilinyamaza. Kila Idi nampelekea Mwalimu mahamri ili Babu yako aone kwamba nimeamini. (Hapa nimecheka, lakini ameniambia niandike tu. D.O.)

Mwaka jana aliporudi kutoka kwenye ile sanamu hakula mchana. Alisema goti. Mimi najua magoti yake.

Utepe ninao, uko chini ya kapu langu la kofia. Njoo mapema tarehe 12, kabla hajatoka. Usiifungue ile ngozi. Mimi nitaushona utepe juu yake. Na usimwambie Babu yako kwamba nilijua.

Bibi yako,
Mwanasha

Na mimi Dalmas naongeza: karatasi iko na mafuta kidogo, mkono yangu ni ya mpishi. Sasa niko na siri ya watu wawili ndani ya nyumba moja, na mwaka hii kofia yangu nitaishika mwenyewe.


Kinoo,
Jumanne, 14 Novemba 1972

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Naandika kwako kwa sababu ulibaki nyumbani, na Jumapili tuliporudi mlikuwa na wageni, sikupata nafasi ya kukueleza. Babu, wewe ndiwe utakayesoma. Tafadhali usiruke mstari hata mmoja.

Bibi, ulipomaliza kushona na kumfungia Babu ile pini kifuani, juu ya koti jeusi, yeye alitazama utepe, kisha akakutazama wewe. Wewe ukatazama birika. Mzee Dalmas akasema kutoka mlangoni, "Twendeni, hawa watu hawangoji."

Tulitembea mpaka kwenye sanamu. Watu walikuwa wengi na jua halikuwa kali. Wazee walijipanga, wengine wana nyota mbili na tatu zinagongana wakitembea. Msimamizi alikuwa kijana mwenye karatasi ya majina juu ya kibao. Alimpitisha Mzee Dalmas. Halafu akamsimamisha Babu, akainama akaitazama ile ngozi ndogo nyeusi inayoning'inia kwenye utepe.

"Mzee, hii ni nini?"

"Nyota ya Burma," Babu akasema.

"Mbona haionekani?"

"Iko kazini."

Kijana hakuelewa. Alimwuliza nambari yake ya jeshi. Babu akaitoa yote kwa pumzi moja, kama anavyoiimba kwenye pasi, na wazee watatu waliokuwa mbele wakageuka kwa ile sauti. Mmoja wao, Mzee Thuo mwenye fimbo, akamwambia msimamizi, "Kijana, huyo alinishonea suruali yangu msituni nikiwa ndani yake. Inua kamba." Wakacheka wote. Kamba ikainuliwa.

Babu alivua kofia yake ya vito, ile uliyoimaliza wewe, akanipa. Alivaa kofia ya jeshi aliyokuja nayo mfukoni, ambayo sikujua kama anayo. Tarumbeta lilipopigwa hakuegemea goti hata kidogo. Nilishika kofia yako kwa mikono miwili mpaka mwisho.

Hirizi imerudi sandukuni mwangu pamoja na utepe wake. Matroni Milcah aliiona akasema, "Sasa msahafu umepandishwa cheo?" Nikamwambia ndiyo.

Sasa nimebaki na tatizo moja. Nimeahidi watu wawili kwamba nitanyamaza, na nitanyamaza. Lakini Bibi, tafadhali mwulize Babu ile hirizi ilitoka kwa nani. Na Babu, tafadhali mwulize Bibi ule utepe alikuwa nao tangu lini.

Mjukuu wenu,
Khamisa


Mtaa wa Biashara,
20 Novemba 1972

Khamisa wetu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako yote, kwa sauti, bila kuruka. Nilipofika mwisho niliikunja. Bibi yako alimimina chai, kisha akasema, "Haya, anza wewe."

Tumeulizana. Chai ilipoa, tukapika nyingine. Amecheka sana mahali pa mahamri, na mimi nimekasirika kidogo mahali hapo hapo, maana nilikuwa nikiyabeba mwenyewe mpaka Pumwani kila mwaka, na mengine yalikuwa ya nazi.

Tumekubaliana Mwalimu Idarus asiambiwe. Sahani yake itaendelea, amekwisha kuizoea.

Nyota ibaki kwako. Kila Novemba nitaiazima asubuhi moja, kisha nitakurudishia. Mshono wa upande wa kushoto nimeuona umeanza kulegea. Ukija likizo nitaukaza, na safari hii Bibi yako atanishikia taa, maana hakuna tena cha kuficha.

Wako,
Babu Shee